Upande wa Kulia Kwanza

Mimi naosha maiti. Silipwi, tuko kikundi cha wanawake wa msikitini tunaojitolea, na simu ikilia nafunga duka langu la vitenge pale mtaani Mutakura, nakwenda. Nikitoka huko moyo unakuwa mwepesi, hata jua la mchana silioni kali. Ajabu gani hii? Shehe darasani anasema ndiyo ridhaa: ukimtumikia mtu asiyeweza kukushukuru, Mungu anakutuliza. Haya, sawa. Mbona basi mama yangu aliponiuliza swali moja tu, utulivu wote ulinikimbia?

Alikuwa anakula wali na ndagala, vile visamaki vya ziwani, tena kwa hamu. "Siku yangu ikifika, we ndio utaniosha?"

Nikakasirika. "Mama, maneno gani hayo na chakula kiko mbele?"

"Mama za watu unawaosha. Na mi nataka kujua. Utaniosha we, ao watanishika wageni?"

Nikachukua jagi, nikaenda kuchota maji. Wiki nzima nilinuna, namkasirikia yeye, najikasirikia mwenyewe. Wangapi nimewaosha bila kusita, leo huyu mmoja ananishinda? Labda raha yangu haikuwa imani. Labda niliweza kwa sababu maiti hakuwa wangu. Sikujua, na mpaka leo sijui.

Ijumaa maumivu ya magoti yakamzidi, akaniomba nimwogeshe. Nikamkalisha kwenye kigoda, nikaleta beseni, nikajizungushia kitambaa mkononi. Nikaanza upande wa kulia, mkono, kisha bega, polepole, maji kidogo kidogo, mdomo wangu kimya. Ndivyo tunavyowaanza marehemu, na mikono yangu ilikuwa imekwenda yenyewe. Mama aliangalia kile kitambaa, akaniangalia mimi, akapiga kelele.

"Weee! Ngoja kwanza, mi ningali muzima! Sugua mugongo, unaniwasha!"

Tulicheka mpaka nusu ya maji ikamwagika. Kisha kicheko changu kikageuka kilio, sikuweza kukizuia. Akaniacha nilie. Halafu akasema, bila kugeuka, "Mukono yako ni muzuri. Sasa nijibu."

"Nitakuosha, mama."

Nikaungoja ule wepesi wa moyo. Wallahi haukuja. Nikamsugua mgongo, nikarudia tena, maji yakapoa, na hakuna kati yetu aliyesema inatosha.