Wimbo Ambao Baba Hakuumaliza

Jumamosi iliyopita tulimzika huko Mafinga fundi wa kuranda mbao ambaye pia alikuwa mpiga gitaa. Alirekodi kule Mbeya albamu moja tu, ya roki laini, nyimbo zote zikihusu nyumba alimozaliwa. Nilipopata taarifa nilikasirika kabla ya kuhuzunika, maana amekufa bila kusikilizwa na mtu ambaye alitaka amsikilize kuliko wote, baba yake. Sisi rafiki zake tulimsikiliza na kumtania. Tulizoea kwaya na bongo fleva, tukamwambia muziki wake ni wa kubembelezea watoto. Alicheka, akaendelea kukaza nyuzi.

Ugomvi wake na baba uliletwa na wimbo unaoanza kwa jina la dada yake, aliyefariki kwa homa nyumbani walipokuwa wadogo. Mtaa mzima ulimlaumu mzee kwamba alichelewa kumpeleka hospitali. Basi siku mwanawe alipouleta wimbo kwenye flashi, mzee alisikia lile jina, akazima redio, akamwambia asimtangaze kwa watu kama muuaji. Mwana alijaribu kueleza, hakupewa nafasi. Tangu hapo hawakula pamoja tena. Naye alikuwa na kiburi chake. Nilipomsihi arudi kwa baba yake alinijibu, "Yote nimeyasema mle. Asikilize."

Msibani wasifu wake ulitaja shule, kipaimara na mashine ya mbao, albamu haikutajwa. Kwaya ikaimba, tukafukia. Watu walipokuwa wakinawa ili wale, mzee aliniita nyuma ya nyumba, penye rundo la mabanzi ya mbao, akaniuliza kama ule wimbo ninao kwenye simu. Nikauweka. Katika ubeti wa pili mwimbaji anasimulia jinsi baba alivyomtuma kwa jirani mwenye gari, dada akiwa hoi, naye akaogopa mbwa, akaishia njiani na kurudi akisema jirani hayupo. Kisha anamwomba baba msamaha, tena na tena, hadi gitaa linanyamaza.

"Mbwa tu?" mzee akasema. "Si angeniambia."

Sikuwa na moyo wa kumkumbusha ile flashi. Akaniomba nirudishe mwanzo. Safari hii, kila mwanawe alipoomba msamaha, mzee aliinamia simu na kuijibu, "Nimekusamehe, baba." Tulikaa pale mpaka chaji ikaisha. Inauma kuona jinsi tunavyowakatiza watu wetu kwa mstari wa kwanza, halafu tunawachangia jeneza zuri. Msomaji wangu, kama nyumbani kwako yuko mtu uliyemkatiza neno, mwache alimalize wakati bado anaweza kusikia jibu lako.