Nilivyomkwamisha Mjerumani Durban

Leo nimemshinda Mjerumani, hapa hapa mezani kwetu Bellevue, huku ugenini, kanga kiunoni.

Ngoja niwaeleze.

Mume wangu alivunjika mguu kazini, mwezi wa pili sasa yuko ndani. Kanyong'onyea mno. Basi akabuni mchezo: tuseme Mjerumani alishinda ile vita kuu ya kwanza, Tanga yetu bado ni yake, na Mwingereza anataka kumnyang'anya bahari. Ramani kaichora kwenye boksi. Meli ni vifungo vya mashati.

Yeye ndiye Mjerumani, na huwa anacheza na jirani yetu Mkongo, Papa Deo. Leo Papa Deo yuko kazini.

"Mama Salma, kaa wewe uwe Mwingereza." Kwa sauti ya kunihurumia kabisa!

Akapeleka meli zake zote Durban, bandari yangu, apigane mara moja amalize.

Mimi sikwenda. Nikazunguka nyuma, nikateka Tanga na Dar, zilipo ghala zake zote za makaa ya mawe.

"Mbona hupigani?"

"Nipigane na nani? Hizo meli sasa zitatembea kwa kuni?"

Akaitazama ramani. Akaitazama tena.

Eish, nikajua nimemvunja moyo.

Halafu akacheka. Jamani, alicheka mpaka akaushika mguu wenye plasta! Sikuwa nimekisikia kicheko hicho tangu aumie.

Akampigia simu Papa Deo: "Kumbe nimeoa admirali wa meli za vita, na hamkuniambia!"

Mimi nikajifanya naangalia maharage jikoni, kumbe nafuta machozi.

Nyie nyumbani mnacheza nini?