Mtani Wangu na Ubao Mwekundu

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, ateremshaye maji kutoka Uluguru na kuyatuliza bondeni, ampaye mja wake subira na, akipenda, humpa pia siku ya kulipa. Namshukuru kwa vyote viwili.

Mke wangu alipofariki tulimzika kwao mlimani, mvua ikinyesha. Mimi ni Mluguru, na watani zetu Wanyamwezi wana haki zao msibani: kuzuia jeneza, kumwigiza marehemu, kudai ada ndipo wapishe njia. Hakuna anayekasirika. Anayekasirikia utani amejivunjia heshima mwenyewe. Basi mtani wangu mmoja, ambaye tulitunza naye mashua ya serikali kwenye bwawa nje ya mji wa Morogoro, alijilaza njiani mbele ya jeneza akapaza sauti:

"Hapiti! Mpeni kwanza kibuyu chake cha uchawi, asije akakifuata usiku!"

Watu walicheka. Hata mimi nilionyesha meno. Mke wangu tulimfukia, lakini neno lile lilibaki juu ya ardhi. Binti yetu alikuwa akipika na kuuza vitumbua, kwa chuma cha mama yake na kwa kipimo cha mama yake. Haukupita muda, wanawake wakawa wanapita mbele yake wakitazama upande wa pili. Mkono wa mama ndio wa binti, walinong'onezana. Alirudi na beseni kama lilivyokwenda, tukala vitumbua asubuhi na jioni hadi vikatukinaisha.

Nilimwendea mtani nikamwomba alikanushe neno lile.

"Utani haukanushwi, mtani," alinijibu. "Nikikanusha, si watu watadhani lilikuwa la kweli?" Akacheka, akaenda zake.

Mwalimu wangu wa chuo cha Kurani alinifundisha kwamba aliyedhulumiwa ameruhusiwa kulipa kwa kadiri alivyodhulumiwa, na kwamba kusamehe ni bora zaidi. Niliyaelewa yote mawili. Nilichagua la kwanza. Kila baada ya sala ya alfajiri nilimwachia Mungu jambo lile, na kila alfajiri nilimkumbusha.

Zikaja siku za ruksa. Kila kitu kikawa kinauzwa na kila mtu akawa mfanyabiashara. Tajiri mmoja alipata kibali cha kufungua mahali pa starehe kando ya bwawa: nyama choma, muziki, na mchezo wa skii za majini, yaani mtu kuvaa mbao miguuni akavutwa na mashua akiwa amesimama juu ya maji. Mashua aliikodi, na sisi wawili tukaenda nayo. Ujanani niliendesha mashua ya mchezo huo kule Tanga, na wengi walijifunza kusimama nyuma yangu. Mtani hakuwahi hata kuigusa skii. Lakini ulimi alikuwa nao, na tajiri alipenda kuchekeshwa.

Jumamosi ya ufunguzi walikuja walimu, makarani, na wafanyakazi wa kiwanda cha sukari kutoka Turiani. Wanawake walipanga biashara zao ukingoni, binti yangu akiwa peke yake pembeni. Tajiri alimwaga kwenye nyasi mzigo wa skii za mitumba kutoka Dar es Salaam.

"Mzee, shikamoo. Wageni wangu hakuna aliyewahi. Tuwafundishie ipi?"

"Marahaba. Hizi mbili pana," nilisema. Zilikuwa za mbao, zimechujuka rangi, zina viatu vya mpira laini vinavyopanuliwa na kubanwa kulingana na mguu. "Skii pana humbeba mtu hata mashua ikienda polepole. Na nikiziunga ncha kwa kamba fupi, miguu ya mgeni haitaachana."

Mtani alikuwa amekwisha kushika ubao mmoja mwembamba, mwekundu, unaong'aa, ule wa kuweka mguu mbele na mguu nyuma. Huo ni wa mtu aliyekwisha kujua. Humzamisha mgeni kabla hajainuka.

"Tajiri, usimsikilize!" alisema. "Hizo ni mbao za jeneza. Mtani wangu amezizoea tangu alipomzika yule mwenye kibuyu."

Watu wakacheka. Nilimwona binti yangu akifunika beseni lake.

"Kweli, mtani," nilisema taratibu. "Mimi mzee. Hebu vaa wewe huo mwekundu, watu waone fundi."

Vigelegele vikapigwa. Mtani aliyetupiwa neno mbele ya watu hawezi kukataa, wala hawezi kukasirika. Ni sheria ileile iliyonifunga mdomo makaburini. Nilimvalisha boya la kifuani kwa mikono yangu na kuukagua kila mkanda, kwa maana nilimtaka hai. Nikasema Bismillahi, nikawasha injini.

Aliuvuta mshikio wa kamba kifuani, kosa la kila mgeni, akaenda kifudifudi. Kamba hakuiachia, akaburutwa na maji yakimwingia puani.

"Tena, mtani?" nilimuuliza.

"Tena!" Angesema nini?

Nilimvuta tena, na tena, nikihakikisha tunapita karibu na ukingo ili asikose watazamaji. Makarani walikuwa wameshika matumbo kwa kicheko. Mwishowe ubao ulimtoka, akabaki anaelea, macho mekundu. Nilizima injini.

"Nipandishe, mtani. Yatosha."

"Hupiti," nilisema. "Toa kwanza ada."

"Ada gani? Mfukoni nina maji matupu!"

"Marehemu alikuwa na kibuyu gani?"

Kicheko kilikatika ukingoni. Alinitazama, nami nikamtazama bila haraka. Subira nilikuwa nimeizoea.

"Hakuwa nacho," alisema.

"Wale wanaochoma nyama hawajasikia."

"Hakuwa na kibuyu! Niliutunga uongo ule ili watu wacheke!"

Nikampa mkono, nikampandisha. Tulipofika nchi kavu nilimwongoza, bado anachuruzika, hadi kwenye beseni la binti yangu. Akala kitumbua mbele ya wote.

"Ongeza, baba," binti alimwambia kwa adabu kubwa. "Ni mkono wa mama." Akampa kingine, na kingine, naye akala mpaka machozi yakamlenga. Mwanamke mmoja akasogea kununua. Wakamfuata wengine.

Alasiri hiyo, karani wa kiwanda alisimama juu ya maji kwa zile skii pana, na beseni lilikuwa tupu.

"Mtani, tumesameheana?" mtani wangu aliniuliza tukifunga mashua.

"Tumelipana," nilimjibu. "Kusamehe bado naomba nipewe."

Nawe uliyesoma, Mungu akuhifadhie majina ya maiti wako, akubarikie riziki ya wanao, na akupe subira ya kutosha mpaka siku yako ifike. Amina.