Dakika Arobaini na Saba

Mama yangu anafundisha shule ya msingi huku Bukhayo, upande wa Busia, na alianza kabla sijazaliwa. Amepitwa cheo mara tatu. Mara ya tatu alipitwa na jamaa aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, ambaye mama bado anakumbuka vile alikuwa anajikojolea darasani. Huyo ndiye mwalimu mkuu sasa, anamwita "madam" huku akimpangia zamu ya kusimamia watoto wakinawa mikono. Kinachowatofautisha ni karatasi moja. Yeye ana shahada ya uzamili, mama hana.

Kwa hivyo mama alijiandikisha chuoni, masomo ya wikendi, akamaliza kila kitu isipokuwa tasnifu. Tasnifu ikakaa kwa miaka. Mwaka jana chuo kikamwandikia kwamba asipoiwasilisha kufikia mwisho wa Novemba jina lake litafutwa, na hakuna barua nyingine itakayokuja. Aliibandika hiyo barua ukutani karibu na kalenda ya kanisa, ili sisi wote tuogope pamoja.

Kilichomshinda ni takwimu. Utafiti wake ulihusu akina mama wanaovusha nyanya kutoka Uganda: wanasubiri mpakani kwa muda gani, na nyanya ngapi zinaoza kwa sababu ya kusubiri. Mtu yeyote wa Busia angekujibu hayo akiwa bado anapiga mswaki. Wanasubiri sana, zinaoza nyingi. Lakini chuo hakitaki sana na nyingi. Chuo kinataka regresheni.

Mtu wa kumfundisha alipatikana Malaba, ule mji mwingine wa mpakani. Alikuwa kijana mwenye digrii mbili za takwimu, na alikuwa anauza kava za simu. Kibanda chake kilitazama barabara ambapo malori hupanga foleni. Mbele kulikuwa na kava na chaja, nyuma kulikuwa na meza, viti viwili, na kompyuta iliyonguruma kama mashine ya kusaga unga. Mimi nilikalia kreti ya soda. Nilikuwa nafuatana na mama kila Jumamosi kwa sababu aliamini hesabu huambukiza, kama surua. Siku ya kwanza nilimwita huyo jamaa Profesa Kava, tena mbele yake. Mama alinifinya paja hadi nikaona nyota. Yeye hakukasirika. Alisema sawa tu, kati ya hayo maneno mawili ni kava pekee iliyowahi kumlisha.

Mama alimuuliza, kwa ile sauti ya kuzunguka, kama hangeweza kumfanyia tu hiyo sura ya nne yote, ile ya takwimu. Wako watu wengi wanaofanya hivyo, unawapa data yako asubuhi, jioni unachukua sura. Jamaa akakataa. Alisema atakayesimama mbele ya wahadhiri kuulizwa maswali ni mama, si yeye, kwa hivyo atamfundisha na mama atafanya kwa mkono wake mwenyewe. Nilimwona mjinga kabisa. Mtu ana digrii mbili na kibanda cha mabati, analetewa kazi, anakataa.

Lakini alijua kufundisha, hilo siwezi kumnyima. Mama alikwama wiki tatu kwa ile namba inayoonyesha watu wametawanyika kiasi gani kutoka kwa wastani. Aliikariri, akaisahau, akailia. Jumamosi moja jamaa akamgeuza na kiti chake, akamwonyesha foleni ya malori nje. Akamwambia achukue madereva wawili. Wote wastani wao hapa Malaba ni siku mbili. Mmoja kila safari ni siku mbili kamili. Mwingine leo anapita kwa saa moja, kesho analala hapa siku nne. Nani kati yao anaweza kumwambia mke wake atafika nyumbani lini?

Mama aliyatazama malori. Kisha akacheka kicheko ambacho sikuwa nimewahi kukisikia, cha msichana aliyeitwa ubaoni akapata. Njia nzima ya kurudi alikuwa anahesabu hao madereva kwa vidole.

Siku hiyo hiyo jamaa alisema kitu kingine. Alisema data ya kweli hutawanyika, na mama akiona namba zimepangana kama watoto wa gwaride, ajiulize zimetoka wapi. Mama aliandika hayo kwa daftari. Mimi nilisikia pia. Huwa nasikia vizuri sana mambo ambayo hayanihusu.

Pendekezo lake la utafiti lilisema fomu mia moja na ishirini. Themanini alizichukua mwenyewe, jioni baada ya kazi na Jumapili baada ya misa, akizunguka mpakani Busia na viatu vyake vya shule. Kisha muhula ukafika mwisho, akalemewa na mitihani ya kusahihisha, akanipa arobaini zilizobaki. Aliniambia niulize, niandike vile mtu amesema, nisiandike kitu hajasema. Alirudia mara mbili. Ananijua.

Mama wa kwanza niliyemfikia alikuwa amekaa juu ya kreti zake. Alinitazama, akatazama karatasi, akaniuliza hizo karatasi zikienda huko zinafanya nini, maana hata mwaka uliopita walikuja wengine nazo. Nikamwambia zinapata digrii. Alicheka hadi akashika kiuno, akaniambia niandike kwamba amesubiri tangu Yesu azaliwe. Wa pili alinifukuza akidhani nimetumwa na watu wa ushuru. Wa tatu alikubali, ila kwanza nimshikie kreti, na nilipoishika akaniongoza nayo hadi ng'ambo ya mpaka, akaniacha huko.

Nikarudi nikaenda kwa rafiki yangu wa shule, ambaye shangazi yake ana saluni. Tulikaa nyuma ya saluni na kalamu mbili, ya buluu na nyeusi, tukazaa wanawake arobaini. Sijawahi kucheka hivyo. Mwanamke wa fomu ya tisini na sita alikuwa na watoto kumi na mmoja, alisubiri dakika sabini na moja, na hakuwa na nyanya hata moja iliyooza. Tulimwombea. Nilikumbuka mambo ya Profesa Kava, nikazitawanya hizo namba kama mbegu: dakika arobaini na saba, hamsini na tatu, thelathini na nane. Nilihakikisha haziko karibu karibu. Nilijiona nina akili kuliko chuo kizima.

Nikazificha siku nne ndipo nizilete, zionekane zimetoka jasho. Mama alizipokea kwa mikono miwili. Akachinja kuku, na firigisi akaniwekea mimi, kitu ambacho kwetu msichana hapewi. Alisema ni ya mtu aliyefanya kazi. Nikaila. Ilikuwa tamu, na hapo ndipo uchungu wangu unapoanzia, kwa sababu ilikuwa tamu kabisa.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu Novemba iishe. Mama alikuwa ameingiza fomu zote mwenyewe kwenye kompyuta, kidole kimoja kimoja. Ilikuwa Jumamosi ya kuendesha regresheni, ile hesabu ya kupima kusubiri kunaozesha nyanya kiasi gani. Jamaa alianza kupekua namba kwanza. Alipanda na safu za namba, akashuka, akapanda tena. Mteja akaja kuuliza kava, akamwambia arudi baadaye.

"Madam, hizi arobaini za mwisho nani alichukua?"

"Mtoto wangu," mama akasema, na akanigusa bega. Kwa fahari. "Huyu hapa."

Jamaa hakunitazama. Alimwonyesha mama safu ya dakika. Kwa zile themanini za mama, namba zilikuwa thelathini, sitini, thelathini, mia na ishirini, sitini.

"Watu wetu hawasubiri dakika arobaini na saba, madam. Wanasubiri nusu saa, ama saa moja, ama wanasubiri mpaka wachoke. Hakuna mama wa nyanya anayekuambia hamsini na tatu."

"Labda hao walikuwa na saa za mkono," nikasema.

Ilikuwa mzaha mzuri. Hakuna aliyecheka.

Jamaa akaongea taratibu, kama mtu anayetoa mwiba. Akasema waziondoe hizo arobaini. Themanini ni za kweli na zinatosha kusema kitu, na atamsaidia kuandika kwa nini zimebaki hivyo. Mama akasema msimamizi wake chuoni alishakataa chini ya mia na ishirini. Jamaa akasema basi waende wote mpakani Busia kesho, hata yeye, afunge kibanda. Alisema hivyo. Hadi sasa nikifikiria hiyo sehemu huwa nataka kuruka nifikirie kitu kingine.

Mama alikuwa ameshaanza kupanga karatasi kwenye mfuko.

"Mwalimu, nilikuja unifundishe hesabu. Sikuja unihukumie mtoto. Huyu ana mdomo, lakini si mwongo."

"Sijamhukumu, madam."

"Asante kwa yote."

Tukatoka. Alitembea mbele yangu kando ya malori, haraka, mfuko kifuani. Nilimfikia karibu na kituo cha boda na nikamwambia. Sikupamba. Nilisema saluni, kalamu mbili, zote arobaini.

"Najua," akasema.

Alijua tangu jamaa alipotaja dakika arobaini na saba, maana yeye ndiye aliyekaa na wale akina mama themanini. Aliniuliza swali moja tu.

"Ulikuwa unacheka ukiziandika?"

Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa kama mtu aliyejibiwa bei, akaita boda.

Nilidhani tutarudi mpakani. Nilikuwa tayari hata kubebeshwa kreti hadi Kampala. Jumatatu aliondoka mapema, akaenda kwa mtu mmoja mjini Busia, mmoja wa wale wa data asubuhi, sura jioni, akampa zote mia na ishirini. Akarudi na sura ya nne imekamilika, ina jedwali na grafu za rangi. Aliikariri usiku mbili. Wahadhiri walimhoji kwa kompyuta tukiwa sebuleni, mimi nikishika simu iliyompa mtandao. Mmoja aliisifu data, akasema imetawanyika vizuri, inaonekana mtafiti alifika kwa watu. Mama akasema, "Asante, Profesa." Uso wake kwenye kioo cha kompyuta ulikuwa wa picha ya kitambulisho.

Alipita. Majirani walikuja, soda zikanywewa.

Desemba nilienda Malaba kununua chaja. Vibanda viko vingi, lakini nilienda kwake. Sijui nilitaka nini. Alinitolea chaja, akaijaribu kwanza kama iko sawa, akaniuliza kama mama alimaliza. Nikasema alimaliza.

"Alitumia fomu ngapi?"

"Zote."

Akaifunga chaja kwenye karatasi, akanipa, akamgeukia mteja mwingine.

Muhula huu nilishikwa shuleni. Nilikuwa nimeandika barua ya ruhusa ya kwenda hospitali, sahihi ya mama nikaiga vizuri sana, kumbe hata siku ya mwezi niliikosea. Mama akaitwa. Naibu mwalimu mkuu alimsomea orodha yangu yote ya makosa, kisha akasema msichana huyu ni mwongo, madam, na wewe kama mwalimu mwenzetu unaelewa. Nilimtazama mama. Zamani angekuwa ameshavua kiatu, ama ameshamjibu huyo naibu vibaya, moja kati ya hayo mawili.

Alisema amesikia.

Tulitembea hadi nyumbani. Nilitayarisha majibu sita ya kuchekesha, nikingoja anianze. Tulipita kanisa, tukapita duka, tukapita mahali ambapo kwa kawaida hukata fimbo. Mlangoni akaniuliza kama nimekula. Nikasema bado. Akasema kuna mboga kwa sufuria, nipashe tu.