Wali wa Kiambaza

Semeni binti Mrisho ni mtoto wa kaka yangu, na kila nipitapo Mchukwi nikitoka kwangu Mbwera hulala kwake. Ukimwona mara ya kwanza utasema, mama mpole huyu. Anaongea taratibu, anamwamkia kila mtu, na kuku wa jirani akiingia uani humtoa kwa kumbembeleza. Lakini mimi niliyemjua tangu anatambaa nakwambia: ukimkosea Semeni, muombe Mungu amsahaulishe. Mwenyewe hasahau.

Mkono wake wa kushoto umepinda. Alikwenda Mbwera kufuata kamba wakavu wa kuuza, akateleza wakati wa kushuka kwenye boti, akaangukia magogo ya mikoko. Hospitali walimfunga plasta vizuri na kumwambia atulie nayo. Mavuno yakafika, mpunga unaanguka shambani, akaikata plasta mwenyewe kwa kisu cha jikoni akaenda kuvuna. Mfupa ukaunga unavyotaka. Kiganja sasa kinatazama ndani, kama cha mtu anayechota maji.

Haya. Mwaka uliofuata mama yake akafariki. Siku ya arobaini hitma ilisomwa nyumbani kwa Haidari, kaka yake Semeni, na mkubwa wa jiko alikuwa mke wa Haidari, Sihaba. Wenyeji wa huku mnajua jiko la shughuli lilivyo. Yuko wa kutumwa maji na yuko wa kukalia mbuzi kukuna nazi, na hao si sawa. Semeni akasema moyoni, mama ni wangu, nazi ya hitma yake nitaikuna mimi. Akakaa kwenye mbuzi. Kifuu kikawa kinamponyoka, kimoja kikabiringika mpaka mchangani.

Sihaba akaja akasimama mbele yake, mikono kiunoni.

“Wifi, inuka hapo. Utatulisha mchanga.”

“Niache, wifi. Mama yangu huyu.”

“Mama yako sawa, lakini wali ni wa watu. Na huo nao mkono au upawa? Nenda kachambue mchele na watoto.”

Wanawake wakaangua kicheko, msibani hapo hapo. Na kweli, ule mkono ukiutazama ulikuwa kama upawa wa kifuu tunaochotea mchuzi, ndiyo maana jina likashika. Bi Upawa. Baadaye hata wauza nyanya wa sokoni Kibiti, wasiojua lilikotoka, wakawa wanaita, “Bi Upawa, leo hutuungi mkono?”

Semeni hakulia. Alichambua mchele mpaka ungo ukabaki mtupu. Wakati wa kunawa aliniinamia akaniambia, “Baba mdogo, Sihaba naye atachekwa na watu hivi hivi. Kwenye sufuria yake mwenyewe. Nitaishi mpaka niione.”

Nikamwambia, mwanangu, muachie Mungu.

“Mungu nimemwachia makubwa,” akasema. “Hili dogo nitalifanya mwenyewe.”

Msimu ule korosho zake zilikubali. Nilipopita tena akanichukua tukaenda Kibiti, kwenye duka la vyombo vya umeme la kijana mmoja anaitwa Gharibu. Ndani ya kanga Semeni alikuwa amefunga kipande cha nazi kavu na kitunguu kimoja. Gharibu akamtolea limashine lirefu lenye vikombe vingi na vitufe mstari mzima.

“Mama, hii ndiyo yenyewe. Inasaga, inakamua juisi, inakanda, halafu ina taa.”

“Taa ya nini? Mimi napika gizani?”

“Ni urembo, mama.”

“Urembo ninao. Nipe kile kifupi.”

Kile kifupi kilikuwa kibakuli cha chuma kinene, visu viko chini ndani, na mota inakaa juu kama kofia. Ukiikandamiza kinasaga, ukiiachia kinanyamaza. Wenyewe wanakiita chopa. Semeni hakuuliza kimetoka nchi gani. Alikinyanyua kwanza kupima uzito, akasema mota nyepesi ni mota ya kuungua. Akagusa visu kwa ukucha. Halafu akafanya jambo ambalo Gharibu alilitazama kwa mshangao: akauficha mkono mzima mgongoni, akajaribu kufungua, kufunga na kukandamiza kwa ule uliopinda peke yake. Kikafunguka. Kikafunga. Akatia ile nazi na kitunguu chake.

“Washa umeme tuone.”

“Mama, bidhaa haijaribiwi na kitunguu, itanuka.”

“Kama haijaribiwi na kitunguu changu, basi ibaki kwako inukie vizuri.”

Gharibu akawasha.

Siku ya kwanza nyumbani alipika wali kwa ile mashine, na wali ukatoka na rangi ya maji ya kuoshea mihogo, una vidoa vidoa. Tuliula mimi na yeye, mlango umefungwa. Alikuwa anatafuna huku anawaza. Mara akaacha kula, akaenda kuchukua mbuzi uvunguni, akayapitisha meno yake taratibu ndani ya kifuu.

“Kumbe! Baba mdogo, tazama. Kwa mbuzi unakuna cheupe tu. Kile kigozi cha kahawia unakiacha kwenye kifuu, ndiyo maana hatukijui. Mashine haina macho, inasaga na kigozi.”

Kuanzia hapo akawa anavibabua vifuu juu ya makaa mpaka nyama ya nazi iachie, anaichomoa nzima, anamenya kile kigozi kwa kisu kama mtu anayemenya kiazi. Na mkono uliopinda ndio ulioshika kipande, maana kilikaa mle ndani sawasawa, hakitoki. Akajifunza na mengine. Usijaze kibakuli, nusu inatosha. Kandamiza, achia, kandamiza, achia, mota ipumue. Maji yawe vuguvugu, yakiwa ya moto mvuke unapanda kwenye mota. Tui lake likawa jeupe hata ungesingizia ni maziwa. Majirani wakaonja, wakasifu, habari ikafika kwa Sihaba.

Sasa Haidari na Sihaba walikuwa wanamwoza binti yao, Siti. Bwana harusi, Abdulatifu, ni kijana wa watu wa Ikwiriri anayefanya kazi Dar es Salaam, na likizo aliyopewa ikaangukia wakati wa kuamia ndege. Kinamama wengi walikuwa wamehamia bondeni, huko Umwe, wamekaa juu ya madungu wanafukuza ndege wasile mpunga. Nazi zimejaa ukumbini kwa Sihaba, wa kuzikuna hawapo.

Kwetu shangazi wa bibi harusi hahitaji kuombwa aingie jikoni. Jiko ni lake. Lakini baada ya kuinuliwa kwenye mbuzi siku ile, Semeni akamsubiri wifi yake aje kumwita, hata kwa jina tu. Sihaba akamkabidhi jiko dada yake, Zaitun. Kisha, siku moja kabla ya harusi, mchana, Sihaba mwenyewe akaja kwa Semeni. Mimi nipo barazani na chai yangu.

“Wifi, tumekwama na nazi. Tuazime kile kimashine chako.”

“Na mimi nije saa ngapi?”

“Aa, wewe pumzika tu, mkono wenyewe huo. Utakuja kula.”

Semeni alitabasamu, tabasamu zuri la mtu anayepokea mgeni. Akaingia ndani, akakifuta kimashine kwa kitambaa, akakifunga kwenye kanga, akampa kwa mikono yote miwili. Hakusema habari ya kigozi wala habari ya nusu bakuli. Sihaba akaondoka nacho kifuani.

Nikamuuliza, “Mbona hukumwambia?”

“Hakuniuliza, baba mdogo.”

“Wataiunguza.”

“Ikiungua iungue. Nimeinunua kwa ajili yake.”

Kumbe tangu asubuhi alikuwa ameshaloweka mchele na kuusaga kidogo kidogo pamoja na nazi, akauchuja, akatia hamira na iliki. Jioni ile akapika mkate wa kumimina wa sinia la bwana harusi. Ulikuwa mweupe kama pamba, juu umevimba vizuri. Akaufunika kwa kawa.

Siku ya harusi ndoa ikafungwa, wageni wakakaa mikekani. Jikoni huko, kwa walivyotusimulia baadaye, Zaitun alikuwa amechokonoa nazi na vigozi vyake, akajaza kibakuli mpaka shingoni, akamwagia maji ya moto, na kukandamiza bila kuachia. Tui lilipotoka na rangi ile akasema, “Likichemka litatakata.” Halikutakata. Kimashine chenyewe kikatoa moshi na kunyamaza moja kwa moja.

Masinia yakaja. Mjomba wa bwana harusi, Mzee Mwinyimvua, ni mtani wetu, na mtani haoni haya. Akafunua kawa, akainama, akaparuza wali kwa kidole.

“Jamani watu wa Mchukwi! Huu wali umepikwa au umekandikwa? Mbona kama kiambaza?”

“Mzee, kula tu,” Haidari akasema.

“Nile vipi? Nikiula nyumba yenu itabaki wazi, upepo utaingia. Nani fundi udongo wenu? Aje nimpe tenda, choo changu kimebomoka!”

Mikeka yote ikacheka. Mwingine akapokea, “Bi Kiambaza aletwe tumwone!” Kicheko kikaingia mpaka uani kwa wanawake. Sihaba akatoka, jasho linamtiririka na wanja umemchuruzika.

“Si sisi!” akapiga kelele. “Ni mashine ya huyu Semeni! Mbovu! Katutegea!”

Hapo ndipo Semeni alipokuja na sinia lake kichwani, kanga mpya, hina mpya. Akaliweka mbele ya bwana harusi, akafunua. Mzee Mwinyimvua akamega kipande, akatafuna, akafumba macho.

“Mama, hii nayo imesagwa kwa nini?”

“Kwa mashine ile ile, baba. Nazi zimetoka kwenye minazi ya shamba letu hilo hilo la urithi. Ni mapishi tu ya shangazi wa bibi harusi.”

Sihaba akamsogelea, sauti imekauka. “Wifi, ulikuwa unajua. Mbona hukuniambia?”

Semeni hakushusha sauti. Alitaka wasikie.

“Uliita mashine, wifi. Mimi hukuniita.”

Sihaba akarudi ndani, na hakutoka tena mpaka wageni walipoondoka. Mkate wa kumimina uliisha, masinia ya wali yakarudi yamechokonolewa pembeni tu. Kuanzia siku ile Bi Upawa hasikiki tena. Linalosikika ni jina jingine, na mwenye nalo hukunja uso akiitwa.

Haidari alikuja baada ya harusi, amekishika kile kimashine kilichokufa, na uso wa mtu aliyebeba maiti ya paka.

“Dada, nitakununulia kingine. Yaishe.”

“Kinunue. Lakini nitachagua mimi, na mkeo ndiye atakayenibebea.”

“Semeni, si kuna bodaboda?”

“Bodaboda sina ugomvi nayo.”

Basi wakaenda Kibiti wote watatu. Haidari akalipa, akapotelea msikitini, nadhani kwa aibu. Wale wawili wakarudi kwa miguu, mchana kweupe, wakapitia katikati ya soko. Sihaba mbele na boksi kichwani, Semeni nyuma mikono mitupu, anasalimia kushoto na kulia kama bibi harusi.

“Bi Kiambaza, leo umebeba nini?” muuza nyanya mmoja akauliza.

Sihaba akaongeza mwendo. Semeni akasimama kuuliza bei ya nyanya.

Nilikuwa barazani walipofika. Sihaba akatua boksi, akakaa kizingitini, akajipepea kwa upindo wa kanga. Halafu akasema, bila kumtazama mwenzake:

“Haya, wifi. Nionyeshe basi hiyo nazi inafanywaje. Yameshapita.”

Semeni akalivuta boksi ndani kwa ule mkono wake, akashika kitasa.

“Siku nyingine, wifi. Leo nimechoka kutembea.”

Akafunga mlango. Nimepita tena Mchukwi Shaabani hii. Sihaba bado anakuna kwa mbuzi, na nilipomuuliza Semeni kama ile siku nyingine imefika, alinimiminia chai akaniuliza habari za Mbwera.