Kibano Kisichotaka Spana

Mfuko wa tisa wa saruji unapandishwa jukwaani, na pale chini Mama Kabari hapumui. Saa tatu asubuhi, jua limeshaanza kuuma. Kwenye jengo hili la ghorofa tatu kazi zote zimesimama. Fundi mmoja kashika mwiko, udongo unamdondokea viatuni, wala hana habari!

"Kumi!" anapaza sauti msimamizi wa ujenzi. Ameshasema wazi: jukwaa likibeba mifuko kumi na mbili, vibano vya huyu mama vitafungwa jengo zima. Likiyumba, avibebe arudi navyo karakana.

Jukwaa lenyewe ni la miti, kama majukwaa mengine. Ila halina msumari hata mmoja! Kila mahali miti inapopishana imeshikwa na kibano cha chuma, na aliyekibuni ni Mama Kabari, fundi wa kuchomelea vyuma.

Miaka mitatu iliyopita msumari wa jukwaa ulichomoka, mumewe akaanguka mita nne. Akalala kitandani miezi mitano.

"Mwanaume mzima, namlisha uji kwa kijiko," anasema. "Nikaapa: mimi na huo msumari, patachimbika."

Kibano chake cha kwanza kilikuwa na nati. Kizuri, kinang'aa. Akawapa mafundi vibano kadhaa, siku ya pili vikarudi vimepondeka vyote.

"Nikawauliza, jamani, nati mnaipiga nyundo? Wakanijibu, 'Sasa mama, spana nani anayo?'" Anacheka mpaka anashika kiuno. "Walisema kweli! Kule juu kila mtu ana nyundo. Spana iko kwa fundi gari."

Akatupa nati, akaweka kabari: kipande cha chuma, chembamba huku, kinene kule. Unaigonga nyundo moja tu, kibano kinang'ata. Uzito ukizidi, nacho kinazidi kung'ata! Alijaribu mara kumi na saba mpaka kikakubali, na jina la Mama Kabari likamganda hapo.

"Kumi na moja!"

Mti unalia, kriii.

"Mama, tafuta mkokoteni wa kubebea vyuma vyako!" anatania fundi mwashi.

"Tafuta wewe pa kupeleka misumari yako, shemeji!"

"Kumi na mbili!"

Msimamizi anapanda mwenyewe. Anaruka. Anaruka tena! Jukwaa tuli, kama limeota pale.

Wee, kelele zake! Ndoo zinapigwa, watu wanakumbatiana. Mume wa Mama Kabari anachechemea kutoka getini, alikokuwa amegeukia ukuta.

"Sikuangalia," anasema, macho yamelowa. "Nilikuwa nahesabu mifuko kwa masikio."

"Leta vibano mia mbili," msimamizi anasema akishuka.

Mama Kabari anataka kufungua karakana ya vibano tu, na mumewe ndiye awe mkaguzi, kisitoke hata kimoja bila kupita mikononi mwake. Lakini kwanza ana sharti.

"Nitaleta, baba. Ila kikivunjika hata kimoja, usikitupe. Nirudishie. Nataka nione kimevunjikia wapi."