Kinanda Kisichoguswa

Juzi niliona kwenye simu mtu akipiga theremini, kile kinanda kinacholia bila kuguswa, nikakumbuka alasiri moja kule Suneka. Ukumbi wa kanisa ulinuka makoti yaliyolowa mvua. Mgeni alikuwa akitufundisha kupunga mikono karibu na antena ya kinanda kama hicho. Dada yangu Kwamboka alipopunga, sauti ikapanda kama kilio, naye akaanguka.

"Zima hiyo kitu," mama akasema.

"Mama, haijamgusa," mgeni akajibu.

Hapo ndipo nilipoanza kumshuku mgeni. Kinachoumiza bila kugusa, utakikwepaje?

Hospitalini walikuta malaria. Kwamboka alikuwa ameficha homa asikose mafunzo. Alipona, na sasa ana watoto. Lakini mama bado huniuliza yule mgeni alikuwa wa kanisa gani.